Boriti ya Upande wa Heshima

Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ishirini na nne kabla ya Siku ya Daraja. Nilikuwa nikining'inia ndani ya kikapu cha chuma chini ya Daraja la Ilwa, nikiitazama boriti ambayo wanaume kumi na mmoja wenye akili timamu walikuwa wameinyima chakula kwa miaka kumi na mmoja. Chini yangu kulikuwa na mita themanini za hewa, kisha mto. Juu yangu kulikuwa na boriti yenyewe, ile ya kulia, nyeupe, laini, nyembamba. Ni nzuri kweli, siwezi kusema uongo. Ndiyo inayotiwa kwenye kalenda ya Bodi kila mwaka.

Niliiwekea mashine ya mwangwi, ile inayopima unene kwa sauti, chini ya tumbo, katikati kabisa ya daraja, nikasoma. Sentimita kumi na nne. Nikaifuta mashine kwa sweta, nikaiweka tena. Kumi na nne.

"Andondile," nikaita. Andondile ndiye anayeshika winchi huko juu. Ni mtu mzima, mvivu, mkweli. "Nisogeze kuelekea ng'ambo, mita tano."

"Mbona sauti yako imebadilika, Injinia?"

"Nisogeze."

Mita tano mbele ilikuwa kumi na saba. Mita kumi, ishirini na moja. Siku ilipokabidhiwa kwetu, boriti hiyo ilikuwa na unene wa sentimita arobaini kutoka mwamba huu hadi ule. Na mwaka jana, kwenye hati ya usalama yenye sahihi yangu, niliiandikia arobaini na moja. Hilo nitalieleza mahali pake. Kwanza nieleze upumbavu wa wengine, maana ni mtamu zaidi kusimulia.

Daraja letu linabebwa na boriti mbili, kila moja na njia yake juu. Hazikujengwa, zilioteshwa. Tangu chuma chote cha maana kianze kupelekwa juu kujenga miji ya angani, wilaya za milimani kama yetu ya Ikamba zimebaki na boriti za mfupa. Watafiti walikuja na kalibu zao za kuumbia boriti, wakazimwagia uji wao mweupe, wakangoja miezi kumi na minne. Kabla ya kuondoka walituambia jambo moja, polepole, mara tatu, kwa jinsi walivyotuona. Walisema boriti hizi zina tabia ya mfupa wa mguu: zikikanyagwa hunenepa pale panapokanyagwa, zisipokanyagwa hujila zenyewe. Na walisema uzito uliotulia hauzishibishi. Zinataka kutikiswa, mguu unaokuja na kuondoka.

Bodi ya Daraja iliwapigia makofi, ikawapa kuku na kanga za kuwapelekea wake zao, kisha ikafanya kikao chake cha kwanza. Kikao kikaamua kwamba njia ya kushoto iwe ya wananchi na ya kulia iwe ya heshima. Njia ya heshima ikapakwa rangi nyekundu, ikafungwa mnyororo, ikawekewa mlinzi kila upande ili asipite mtu yeyote mwenye tope miguuni. Ikamba mvua hunyesha miezi tisa. Sijui mtu asiye na tope miguuni wangemtoa wapi. Ilifunguliwa mara mbili kwa mwaka, magari matatu au manne yakipita polepole huku yakipunga mikono. Mjumbe mmoja alipokumbuka kwamba boriti inahitaji uzito, wakaleta vyungu vya maua arobaini, vya zege, wakavipanga juu yake. Wakaridhika. Vyungu havitembei, lakini hilo lingehitaji kikao kingine.

Upande wa kushoto walipita wapagazi wa ndizi. Magari ya betri hayapandi mashamba yetu wakati wa mvua, vichwa vinapanda. Wanawake mia mbili na zaidi, kila mmoja na mkungu wake, kila asubuhi, kwenda sokoni ng'ambo na kurudi. Wana kikundi chao kinaitwa Hatua Moja, na jina ni kazi yenyewe: wakifika darajani hujipanga mstari na kutembea kwa hatua moja, kiongozi akihesabu, maana mkungu hauyumbi kichwani iwapo jirani yako hayumbi. Boriti yao imeota vinundu, imevimba, ina rangi ya jino la mvuta tumbaku. Sentimita sitini na tatu. Wageni wa Bodi wakifika huuliza, "Na hii mbaya ni ya nini?"

Niligonga kikapu mara mbili, Andondile akanipandisha. Alinisoma usoni. Akafunga winchi na kuwasha sigara yake, nami nikaketi juu ya chungu kimoja cha maua nikiandika ripoti.

*

Siku iliyofuata nilikwenda ofisini kwa Mwenyekiti wa Bodi, Mheshimiwa Ezekia Kasyupa, nikiwa na kipande cha sponji ya godoro. Alikuwepo yeye na Katibu wake, Bwana Lutengano, mtu ambaye kwa miaka kumi na mmoja sijawahi kumsikia akimaliza sentensi ambayo Mwenyekiti hajaianza. Mezani palikuwa na mfano wa jiwe la kumbukumbu litakalosimikwa ng'ambo Siku ya Daraja. Jiwe lenyewe, tani kumi na nane, lilikuwa limeshachongwa majina ya wajumbe wote kumi na mmoja, nalo lilitakiwa livuke kwa trela kupitia njia ya heshima, likifuatwa na magari.

Nilipanga vikombe viwili vya chai, nikaweka sponji juu yake kama daraja. Ubavuni nilikuwa nimeichora mistari ya wima kwa kalamu. Nikaibonyeza katikati kwa kidole.

"Tazameni mistari," nikasema. "Kwa juu inasogeleana, kwa chini inaachana. Mtu akisimama katikati ya daraja uzito wake hauendi moja kwa moja mtoni. Boriti inaupokea, inainama kidogo, inaupeleka pembeni mpaka kwenye miamba miwili. Inapoinama, mgongo wake unabanwa na tumbo lake linavutwa. Kati ya mgongo na tumbo hapana kazi kubwa, ndiyo maana boriti hizi hujitoboa zenyewe pale katikati na kuweka unene juu na chini."

"Maarifa haya," akasema Mwenyekiti.

"Maarifa kweli," akasema Katibu.

"Boriti ya mfupa haikatikii mgongoni, Mheshimiwa. Inaanzia tumboni, pale panapovutwa zaidi, na panapovutwa zaidi ni katikati ya daraja. Hapo ilitakiwa niikute na arobaini. Nimeikuta na kumi na nne. Trela la tani kumi na nane likifika hapo, boriti itakatika."

Mwenyekiti aliichukua sponji, akaibonyeza mwenyewe mara tatu au nne, akaonekana kuifurahia.

"Hii ya kulia si ndiyo iliyotunzwa?" akauliza. "Mbona ile ya wachukuzi haijakonda?"

"Kwa sababu inakanyagwa. Hii haijala miaka kumi na mmoja."

Nilimwona akielewa, na laiti asingeelewa. Kuna watu ambao ujinga wao una kikomo cha usalama. Ukiwapa fahamu kidogo ndipo wanapokuwa hatari.

"Basi ilishwe," akasema. "Si ni kukanyagwa tu? Tunaifunga ya kushoto kuanzia Alhamisi. Wale kina mama wote wapite kulia. Siku ishirini na mbili, asubuhi na jioni, mia mbili na ushee. Ikifika Siku ya Daraja imeshiba."

"Imeshiba," akasema Katibu, akaandika.

Nikawaeleza kwamba haiwi hivyo. Mfupa ulioamshwa baada ya kulala muda mrefu haujengi mara moja. Kwanza hujila sehemu zilizochoka, husafisha, ndipo uanze kujaza. Wiki tatu za kwanza huzidi kukonda. Kwa hiyo Siku ya Daraja ndiyo siku itakayokuwa nyembamba kuliko zote, na hata kabla ya hapo wanawake mia mbili wenye mikungu, wanaotembea kwa hatua moja, wataitikisa mpaka ifungue ufa. Inatakiwa kuanzia kidogo sana. Mtu mmoja, na mzigo mmoja, hatua elfu mbili kwa siku, na kuongeza taratibu. Miezi tisa.

"Miezi tisa," akasema Mwenyekiti, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa habari za nchi ya mbali. "Injinia, mtu mmoja na watu mia tofauti yake ni nini? Wale wamezoea kubeba. Na wakiwa pale, tutajua kama inabeba au haibebi kabla wageni hawajafika. Au siyo?"

Alisema hivyo akinimiminia chai. Sikuwahi kumdharau mtu namna ile, na nimefanya kazi serikalini miaka kumi na tisa.

"Sitasaini idhini," nikasema.

Katibu akafungua jalada, akatoa karatasi, akaisukuma mbele yangu kwa ncha ya kidole. Ilikuwa hati yangu ya mwaka jana. Boriti ya kulia: sentimita arobaini na moja. Salama kwa matumizi yote. Sahihi yangu, muhuri wangu.

"Muda wake unaisha Desemba," akasema. Ilikuwa sentensi nzima na ilikuwa yake mwenyewe.

"Ripoti mpya hatujaipokea bado," akasema Mwenyekiti. "Tutaipokea baada ya sherehe. Isipokuwa kama unataka kutuambia kwamba ile ya mwaka jana ni ya uongo. Hapo ni jambo jingine. Hapo kuna leseni yako, kuna mahakama."

Sasa ni mahali pake pa kuieleza ile arobaini na moja. Kuipima boriti ya kulia kulihitaji barua ya Katibu ya kufungua mnyororo. Barua ilihitaji kumsubiri Katibu saa mbili kwenye benchi, kisha kuvua viatu na kuburuta winchi juu ya rangi nyekundu huku mlinzi akikutazama kama mwizi wa kuku. Mwaka wa kwanza nilisubiri. Mwaka wa pili nilisubiri, na hivyo hadi wa saba, ilipokuwa imekonda kidogo tu. Kuanzia mwaka wa nane niliwadharau mno kiasi kwamba sikutaka kuwaomba kitu. Nilipima ya kushoto, nikaenda nyumbani, na ya kulia nikaiandikia namba niliyoona inafanana na ukweli, kila mwaka ikiongezeka kidogo ili ionekane imepimwa. Safari hii nilishuka chini yake kwa sababu moja tu: Mwenyekiti alitaka njia ing'ae kwenye picha za jiwe likivuka, mnyororo ukawa umefunguliwa kwa ajili ya wapaka rangi. Hivyo ndivyo mimi, mwenye kuwacheka watu wa vyungu vya maua, nilivyofanya kazi yangu kwa miaka minne.

Nikachukua sponji yangu, nikatoka bila kuaga.

*

Jumatano mchana tangazo lilibandikwa kwenye mageti yote mawili. Lilisema kwamba njia ya kushoto imefungwa kwa matengenezo na kwamba, kuelekea Siku ya Daraja, Bodi imewapa kina mama wa Ikamba heshima ya kutumia njia ya kulia. Chini ya tangazo walikuwa wamebandika hati yangu, ndani ya nailoni isilowe.

Nilikwenda kwa mama mdogo. Anaitwa Atupakisye, ni mdogo wake marehemu mama, na ndiye anayehesabu hatua za wapagazi wa Hatua Moja. Nilimkuta uani akisuka kata mpya za migomba mikavu, zile za kuweka kichwani chini ya mkungu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Umekonda. Ndaga, karibu." Kwetu ndaga ni asante, ni pole, ni salamu, kwake siku hiyo ilikuwa vyote. "Umekuja kula au umekuja kukaa kimya?"

Nikaketi kwenye kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, maneno mazuri, yasiyonifunga. "Kesho msipite kulia," nikasema. "Pumzikeni siku chache."

"Kwa nini?"

"Boriti ile siiamini."

Aliacha kusuka. "Mchana tumesomewa karatasi ya getini. Wengine waliogopa, wakasema njia ile haijawahi kupitwa, tutajuaje? Mimi nikawaambia, someni jina la chini. Huyo ni Subilaga, mtoto wa dada yangu, nilimbeba mgongoni juu ya tope hili hili. Akiandika arobaini na moja, ni arobaini na moja. Wakanyamaza."

"Vipimo hubadilika, mama mdogo."

"Hubadilika tangu lini?"

"Hubadilika tu. Hali ya hewa."

Nilijisikia nikisema hali ya hewa. Naapa sauti ilikuwa ya Katibu Lutengano. Mama mdogo alinitazama kwa muda, na nadhani alijua kwamba pana kitu, lakini alikuwa na mikungu mia mbili iliyokatwa tayari na ndizi hazisubiri mtu apate ujasiri.

"Ukinipa neno la kuwaambia wenzangu, nitawaambia," akasema. "Hali ya hewa siwezi kuwaambia. Watanicheka. Ndizi zilishakatwa, mwanangu. Zikilala siku tatu zinaiva njiani, tunatupa, na watoto wa watu hawaendi shule."

Akaniwekea kande kwenye bakuli. Nilikula zote, kwa sababu mtu anayekula hawezi kusema. Nilijiambia kwamba bado kuna muda, kwamba siku ya kwanza pengine haitakatika, kwamba ningeweza kuandika barua mkoani, bila jina. Nilihesabu nafasi zangu zote, na katika kila moja nilitoka nikiwa na leseni yangu mfukoni. Nilipokuwa nanawa ndipo niligundua kwamba hesabu hiyohiyo ndiyo aliyoifanya Mwenyekiti akinimiminia chai: wapite kwanza wengine, tuone.

Nikaaga. Mama mdogo alikuwa ameshika kata mdomoni akifunga ncha, akanipungia mkono tu.

*

Alhamisi saa moja asubuhi wapagazi walikuwa wameshajipanga kwenye geti la kulia. Ukungu ulikuwa umeinuka, mkungu wa kwanza hadi wa mwisho ulionekana. Upande wa kushoto mnyororo ulikuwa umefungwa na mlinzi amesimama mbele yake, mlinzi yuleyule, amehamishwa hatua kumi tu. Mwenyekiti alikuwepo na utepe na mpiga picha. Alikuwa amevaa koti la kahawia na viatu vipya, na alikuwa akiwaambia kina mama kwamba leo wamepandishwa daraja.

Mama mdogo alisimama mbele kabisa, mkungu kichwani, akikohoa kidogo kuandaa sauti ya kuhesabu.

Nilipita katikati ya utepe. Sikuukata, niliusukuma kwa tumbo, ukadondoka. Nikageuka, nikawa mimi ndiye niliyefunga njia.

"Boriti hii itakatika," nikasema. "Si lazima iwe leo. Lakini mkiipita wote kwa hatua moja, itakatika, na ni ninyi mtakaokuwa juu."

"Injinia amechoka," akasema Mwenyekiti kwa upole. "Amefanya kazi sana. Jamani, hati ile pale, imesainiwa na yeye mwenyewe."

"Ni kweli nimesaini," nikasema. "Sikupima. Mwaka jana sikupima, mwaka juzi sikupima, hata ule wa nyuma yake na wa nyuma yake tena. Namba niliibuni nyumbani nikinywa chai. Jumatatu ndiyo nimeipima mara ya kwanza tangu mwaka wa saba, ina sentimita kumi na nne. Andondile yule pale, alinishusha yeye."

Andondile alikuwa ameegemea winchi yake. "Kumi na nne," akasema. "Mara mbili. Nilisikia."

Hakuna aliyepiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Wanawake mia mbili walinitazama tu. Mpiga picha alikuwa akiendelea kupiga. Mwenyekiti alisogea karibu yangu.

"Unajua ulichosema?" akaninong'oneza. "Mbele ya mashahidi?"

"Najua."

"Kwa ajili ya wachukuzi wa ndizi."

Alisema neno hilo akiwa amewapa mgongo, sauti ya chini, na lilimfikia mama mdogo aliyekuwa hatua tatu tu nyuma yake. Mama mdogo aliinua mikono, akaushusha mkungu wake taratibu mpaka chini, akajinyoosha.

"Mheshimiwa," akasema. "Wewe unasema inabeba."

"Inabeba, mama. Msisikilize maneno."

"Basi tangulia. Sisi tuko nyuma yako."

Mwenyekiti alicheka. Akatazama boriti, jinsi ilivyonyooka nyekundu mpaka ng'ambo na vyungu vyake vya maua. Alitazama viatu vyake. Aliweka mguu mmoja juu ya rangi, ule wa kulia, akauacha pale kwa muda kana kwamba anaongea nao. Nilimwona anafanya hesabu yote: unene, mita themanini, majina kumi na moja kwenye jiwe. Kisha akaurudisha.

"Nina kikao," akasema.

Aliondoka na koti lake, akimwacha mpiga picha peke yake na utepe miguuni. Wanawake walimfungulia njia kwa adabu zote, wengine wakamwamkia. Sijawahi kuona dharau iliyopangwa vizuri vile. Nami ningeifurahia sana, ningeisimulia mpaka uzeeni, kama mama mdogo asingenigeukia mimi.

"Miaka minne," akasema.

"Ndiyo, mama mdogo."

"Jana ulikula kande yangu ukaniambia hali ya hewa."

Nilisema samahani, na neno lilitoka dogo, halikufaa kitu. Alinitazama kwa jicho ambalo mimi nimewatazama nalo watu wa Bodi miaka yote, na nilielewa kwa mara ya kwanza jinsi mtu anavyojisikia akiwa upande ule mwingine wa jicho hilo.

"Hiyo boriti," akasema, "inaponywaje?"

"Inakanyagwa. Lakini na mtu mmoja kwanza. Mwenye mzigo. Hatua elfu mbili kwa siku, kisha unaongeza."

"Mtu mmoja haiwezi kumwangusha?"

"Mtu mmoja kwa kipimo chake ni kama vumbi. Nadhani. Hesabu inasema hivyo."

"Hesabu ya nani?"

"Yangu."

Baadhi ya wanawake waliguna. Mama mdogo akainama, akaokota kata yake, akaniwekea kichwani. Kisha yeye na mwenzake mmoja wakauinua ule mkungu, wakanitwisha. Kilo thelathini na kitu. Shingo yangu ilizama mabegani, na mikono ikapanda yenyewe kushika.

"Usishike kwa mikono miwili," akasema. "Mmoja unatosha. Nenda na hesabu yako."

Nikaingia njia ya heshima. Sikuvua viatu. Mita kumi za kwanza nilisikia tu pumzi yangu. Baada ya hapo nilianza kuisikia boriti. Kila hatua ilishuka kidogo na kurudi, kidogo mno, unene wa ukucha, na nilijua kila kilichokuwa kikitokea chini ya nyayo zangu: mgongo unabanwa, tumbo linavutwa, kilo tisini na tatu zinagawanyika na kukimbilia miamba miwili kupitia sentimita nilizozibuni mezani kwangu. Katikati ya daraja, kati ya vyungu viwili, miguu ilikataa. Nilisimama. Kusimama hakuilishi. Nikatembea.

Nilipofika ng'ambo nilikuwa nimelowa jasho mpaka kiunoni. Nikageuka na mzigo kichwani. Kule nilikotoka wapagazi walikuwa wamemzunguka mlinzi wa kushoto bila kumgusa, mpaka akajitoa mwenyewe, na Andondile alikuwa akiufungua mnyororo kwa bisibisi ya winchi yake. Mstari ukaingia. Boriti mbaya ikawapokea wote mia mbili pasipo hata kutoa mlio.

Tulikutana katikati, wao wakienda sokoni kwa upande wao na mimi nikirudi kwa upande wangu. Kati yetu palikuwa na mita nne za hewa. Mama mdogo alikuwa mbele, hana mzigo, akihesabu kwa sauti. Aliponifikia aliacha wenzake waendelee kuhesabu, akageuza, akatembea sambamba nami.

"Umefika ngapi?"

"Mia nne na kumi."

"Bado elfu moja na ngapi?"

"Mia tano na tisini."

"Na kesho?"

"Elfu mbili tena. Wiki ijayo naongeza mia."

Tukatembea. Mkungu ulikuwa unaelemea kulia, shingo ikiniuma upande mmoja, na sikuthubutu kuurekebisha.

"Yule amekwenda kuleta polisi," akasema mama mdogo.

"Najua."

"Watakuchukua kweli?"

"Watanichukua. Nilisaini."

Akaenda hatua ishirini hivi. Nilizihesabu, maana nilikuwa nahesabu zote. Hakunitazama, alikuwa akiitazama boriti chini ya miguu yangu.

"Nitakaa nao getini," akasema. "Watasubiri umalize za leo."